Dume, jike, au spishi nyingine? Namna ya kumsoma kipepeo kwenye picha

Kiswahili kina neno moja tu, kipepeo, na linawatosha wote: yule mweupe anayekatiza barabara ya Moshi–Arusha kwa makundi baada ya mvua, yule wa rangi ya chungwa anayetua kwenye magugu ya kiwanjani, na yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka mlimau wa nyumbani akitafuta jani changa la kutagia. Majina ya spishi mojamoja hatuna, kwa hiyo hapa tutatumia yale ya kisayansi yenye maneno mawili, la kwanza la jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na la pili la spishi. Yasikutishe. Ukishayatamka kwa wiki mbili, Danaus huwa kama jina la jirani.

Anayeanza kupiga picha za vipepeo huuliza kwanza, "Huyu ni spishi gani?" Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kama huyo ni dume au jike, na la pili ni amekulia msimu gani. Ukiruka hayo mawili utatengeneza spishi mbili kutokana na mume na mke, au utawaweka kwenye jina moja wadudu wawili wasio na undugu wa karibu, kwa sababu tu wamevaa sare moja. Miteremko ya Kilimanjaro na Meru ina mifano mizuri ya makosa yote mawili, na mingi unaipata bila kutoka mjini.

Juu ni wapi, chini ni wapi

Kipepeo akitua na kukunja mabawa yake juu ya mgongo, unachokiona ni upande wa chini wa mabawa. Hapo ndipo watu hupotea, kwa kuwa bawa limesimama wima na macho yanaliita la juu. Upande wa juu ni ule unaoelekea jua kipepeo anapotandaza mabawa kama kitabu kilichofunguliwa. Pande hizo mbili huwa na michoro tofauti kabisa, na maelezo yoyote ya utambuzi yanayosema "doa jeusi bawa la nyuma" bila kutaja upande hayakusaidii sana.

Jambo la pili ni kwamba mabawa yakikunjwa, bawa la mbele huzama nyuma ya bawa la nyuma na kubakiza ncha peke yake. Alama nyingi za kuamua ziko kwenye sehemu iliyozama. Picha nzuri, safi, yenye mwanga wa kupendeza, inaweza kabisa kukosa ile milimita mbili iliyohitajika.

Kuna neno moja la kujifunza kabla ya kuendelea. Katikati ya kila bawa kuna eneo lililozungushiwa mishipa, linaloanzia karibu na kifua. Tuliite chumba cha bawa. Madoa mengi tutakayoyataja yanapimwa kwa kuangalia yako ndani ya chumba hicho, mdomoni mwake, au nje.

Hesabu madoa ya bawa la nyuma

Kipepeo wa kujifunzia katika ukanda huu ni Danaus chrysippus. Ana rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi zenye mkanda mweupe, na upana wake mabawa yakiwa wazi ni kama sentimita saba. Yuko kandokando ya mifereji, kwenye bustani za hoteli, na kwenye viwanja visivyojengwa vya Njiro, Arusha, na Majengo, Moshi. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo una sumu inayoathiri moyo. Ndege akishamwonja mmoja, wa pili humwacha apite.

Kuna mwingine anayefaidi woga huo wa ndege. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu hiyo, lakini amevaa sare ileile: chungwa, ncha nyeusi, mkanda mweupe, hata ukubwa unakaribiana. Kwenye picha ya simu iliyopigwa mita mbili mbali, hata mzoefu hujikuta anasita.

Kinachoamua ni madoa meusi ya bawa la nyuma, yale yaliyo katikati ya bawa. Yale meupe ya kwenye ukingo mweusi yaache. Jike wa Danaus ana madoa matatu, yamekaa mdomoni mwa chumba cha bawa. Dume wa Danaus ana manne: yale matatu, na la nne chini zaidi, limekaa kwenye mshipa, nene kidogo, ambalo upande wa chini lina kiini cheupe. Hilo la nne ni kifuko cha manukato anayoyatumia kumbembeleza jike. Jike wa Hypolimnas ana doa moja tu, limekaa karibu na ukingo wa mbele wa bawa la nyuma.

Kwa hiyo hesabu ni hii: moja, Hypolimnas jike, matatu, Danaus jike, manne, Danaus dume. Kwa alama moja umepata spishi na jinsia kwa mpigo, jambo ambalo ni nadra. Ukitaka kuthibitisha, angalia kifua na kichwa cha Danaus: ni vyeusi vyenye vidoto vyeupe vinavyoonekana vizuri. Kisha fuata ukingo wa bawa la nyuma, ambao kwa Danaus ni laini na kwa Hypolimnas una mawimbi madogo.

Kosa linaloleta ubishi kila mara ni kutegemea ile ncha nyeusi. Afrika Mashariki ni eneo ambako sura kadhaa za Danaus chrysippus hukutana na kuzaliana. Kuna wenye ncha nyeusi, kuna wasio nayo kabisa wanaoitwa dorippus, na kuna wenye mabawa ya nyuma meupe wanaoitwa alcippus. Wote ni spishi moja. Na Hypolimnas amewafuata: jike asiye na ncha nyeusi yupo, anaitwa inaria. Ukikuta wa chungwa tupu asiye na ncha nyeusi umejua sura yake tu, jina bado. Rudi kwenye madoa.

Dume wa Hypolimnas misippus hafanani na jike wake hata kidogo. Ni mweusi, ana madoa makubwa meupe matatu kila upande, mawili bawa la mbele na moja la nyuma, yamezungukwa na mng'ao wa zambarau. Mng'ao huo hautokani na rangi ya kupakwa. Unatokana na umbo la magamba ya bawa yanavyorudisha mwanga, kwa hiyo pembe moja unaonekana na pembe nyingine unapotea. Picha isiyoonyesha zambarau haimaanishi kwamba kipepeo hana.

Wa tatu katika sare hii ni Acraea encedon, mdogo zaidi, mwenye mabawa membamba marefu. Ukiona vidoto vyeusi vingi vimerundikana karibu na shina la bawa la nyuma, huyo si Danaus wala Hypolimnas. Ila usikimbilie kuandika encedon: ana pacha wake, Acraea encedana, na kuwatenganisha hao wawili kwa picha ya mabawa ni kubahatisha. Andika jenasi, ishia hapo.

Mume mmoja, wake wa sura nyingi

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Machame, Marangu au Materuni, kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, vyenye kivuli na mabaki ya msitu, utamkuta Papilio dardanus. Dume ni rahisi: njano iliyopauka kama siagi, kingo nyeusi, na mikia miwili nyuma. Huruka njia zilezile kando ya msitu, akirudi na kurudi.

Jike ndiye mtihani. Katika bara la Afrika Mashariki majike wengi hawana mkia na hawana njano ile. Mmoja ni mweusi na mweupe, anamwiga Amauris niavius, jamaa wa Danaus. Mwingine ni mweusi mwenye vidoto na baka la rangi hafifu kwenye bawa la nyuma, anaiga Amauris wadogo. Mwingine ni wa chungwa na mweusi, anamwiga Danaus chrysippus yule tuliyemwacha pale juu. Wote wanaweza kuwa watoto wa mama mmoja. Kwa upande mwingine, huko Ethiopia na Madagaska majike wengi wa kundi hili hufanana na madume na wana mikia, kwa hiyo picha za mtandaoni zilizopigwa huko zisikuyumbishe.

Kumtenganisha jike wa dardanus na Amauris anayemwiga, acha mabawa uhesabu miguu. Papilio husimama kwa miguu sita. Amauris na Danaus, pamoja na familia yao yote, husimama kwa miguu minne; ile miwili ya mbele imekuwa midogo na imekunjwa kifuani. Picha ya ubavuni iliyolengwa vizuri inaonyesha hilo wazi. Alama ya pili haionekani kwenye picha moja lakini inaonekana kwenye video ya sekunde tano: Papilio akinyonya ua hutikisa mabawa ya mbele bila kupumzika, wakati Amauris hutulia. Na kichwa cha Amauris kina vidoto vyeupe kama vya Danaus.

Palepale kwenye misitu ya milimani kuna Papilio sjoestedti, kipepeo wa kaskazini mwa Tanzania. Jina lake linamkumbuka Yngve Sjöstedt, aliyeongoza msafara wa wanasayansi wa Sweden uliokusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Naye ana mwonekano wa Amauris. Ndiyo sababu picha ya "Amauris" kutoka msitu wa Meru, hasa juu ya mita 1,500, inastahili kuhesabiwa miguu kabla haijapewa jina.

Kumjua dume bila kumshika

Si kila spishi ina kifuko cha manukato kinachoonekana. Papilio demodocus, yule wa milimau na michungwa ambaye kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, ana dume na jike wenye mabawa karibu sawa. Hapo angalia tumbo. Tumbo la dume ni jembamba na ncha yake ina vishikio viwili vinavyobana kama koleo ndogo. Kwenye picha ya ubavuni huonekana kama mpasuko mwishoni. Tumbo la jike limejaa katikati kwa ajili ya mayai na ncha yake ni butu. Tahadhari moja: jike aliyemaliza kutaga husinyaa tumbo, na kwa unene pekee utamwita dume.

Mahali na tabia pia husema. Kundi la vipepeo waliojazana kwenye tope bichi, pembeni ya bomba linalovuja au mahali ng'ombe alipokojoa, kwa sehemu kubwa ni madume wanaofuata chumvi. Anayepinda tumbo kuelekea chini ya jani ni jike anayetaga, na jani lenyewe ni ushahidi wa spishi, kwa hiyo lipige picha nalo. Mmea wa chakula cha kiwavi mara nyingi hupunguza orodha ya majina kutoka kumi hadi mawili.

Kwenye jenasi ya Acraea kuna alama ambayo wapiga picha wengi huidhania kuwa uchafu. Dume akishampanda jike, humwachia kizibo kigumu chini ya ncha ya tumbo ili wengine wasimfikie. Ukiona kitu kama gamba kimenata hapo, una jike aliyekwisha pandwa, na hakuna haja ya kutafuta alama nyingine.

Na usishangae albamu yako ya Acraea encedon ikiwa na majike watupu. Spishi hiyo hubeba bakteria aitwaye Wolbachia anayerithiwa kutoka kwa mama na kuua viinitete vya kiume. Kuna mahali Afrika Mashariki ambako madume ni wachache mno. Danaus chrysippus wa eneo la Nairobi wana tatizo la namna hiyo linalosababishwa na bakteria mwingine, Spiroplasma. Kwa hiyo kama Danaus wako wote wana madoa matatu, huenda hesabu yako ni sahihi.

Madume na majike wa Junonia hutofautiana kwa nguvu ya rangi. Junonia hierta, wa njano na mweusi anayeota jua kwenye njia za vumbi, dume ana doa la buluu ya zambarau linalong'aa kwenye weusi wa bawa la nyuma. La jike ni dogo, limefifia, au halipo. Junonia oenone ni mweusi, na buluu yake ni duara moja lililoshikamana, sehemu ya juu ya bawa la nyuma. Jike ni wa kahawia zaidi. Junonia orithya dume, buluu imetapakaa sehemu kubwa ya bawa la nyuma. Anayechanganya hao wawili wa mwisho kwa kawaida ameangalia kuwepo kwa buluu bila kuangalia imekaa wapi.

Wa masika na wa kiangazi

Precis octavia anaweza kukupa picha mbili ambazo hakuna mtu atakubali kuwa ni spishi moja. Kizazi cha mvua ni cha rangi ya chungwa nyekundu chenye vidoto vyeusi. Kizazi cha ukame ni cha buluu iliyokolea chenye mstari mwekundu. Kati yao, wakati msimu unapogeuka, hutokea wenye sura nusu kwa nusu.

Wa kahawia wanaorukaruka chini kwenye majani makavu ya migomba, jenasi ya Bicyclus, hubadilika kwa namna nyingine. Wa mvua wana duara kubwa kama macho ukingoni mwa bawa, zenye pete ya njano na kiini cheupe. Wa ukame macho hayo yamepungua hadi vidoto, au yametoweka, ili wafanane na jani lililokauka. Kwa Bicyclus anynana imethibitishwa maabara kwamba joto analopata kiwavi ndilo linaloamua: joto huleta macho makubwa, baridi huleta madogo. Maana yake ni kwamba ukubwa wa macho haukupi spishi. Unakupa kalenda.

Kwa hiyo tarehe ni sehemu ya utambuzi. Picha ya Aprili, masika yakiwa yameshika, na ya Septemba hazilinganishwi moja kwa moja, hata kama zimepigwa kwenye kichaka kimoja.

Weupe na wa njano

Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika kabla ya utambuzi kuanza. Simu hupima mwanga kwa kufuata majani ya kijani yaliyo nyuma, halafu inamchoma kipepeo mweupe hadi anabaki kama kipande cha karatasi. Gusa kipepeo kwenye kioo, kisha shusha kile kijua cha mwanga mpaka uone mishipa ya bawa. Bora picha iliyo na giza kidogo, kwa sababu giza linarekebishika nyumbani. Kilichoungua hakirudi.

Ukishaona mishipa, Belenois aurota anajitambulisha: upande wa chini wa bawa la nyuma mishipa imechorwa kahawia nzito, kama ramani ya mito. Belenois creona ana manjano upande huo, na weusi wake umebaki ukingoni. Jike wa aurota ana kingo pana na nyeusi kuliko dume, na mara nyingi weupe wake umeingia unjano.

Catopsilia florella, anayetaga kwenye jamii ya mijohoro, ni mkubwa na huruka kwa kasi. Dume ni mweupe wenye ukijani kidogo. Jike huja kwa namna mbili, mweupe au wa njano, na wote wana vidoto vya kahawia kwenye kingo za bawa la mbele. Ukiona wa njano tupu mwenye ukubwa huo, kabla ya kutafuta spishi mpya tafuta vidoto hivyo.

Wadogo wa njano wa nyasini ni Eurema. Spishi mbili za kuanzia ni Eurema hecabe na Eurema brigitta, na tofauti iko upande wa juu wa bawa la mbele: ukingo mweusi wa hecabe una pengo lililoumwa kwa ndani, kama mtu aliyeng'ata mkate mara mbili, wakati wa brigitta hupinda laini bila pengo. Shida ni kwamba Eurema akitua hafungui mabawa. Dawa yake ni kuzunguka mpaka awe kati yako na jua. Bawa ni jembamba, mwanga unapita, na ukingo mweusi wa upande wa pili unaonekana kama kivuli kwenye pazia. Picha hiyo haitapendeza ukutani lakini ndiyo inayojibu. Jenasi hii ina spishi nyingine zaidi kwetu, kwa hiyo ukingo usioingia kwenye hizi mbili uandike Eurema bila kuongeza.

Ukishuka nyikani kusini na mashariki mwa Moshi, kuelekea Himo na Same, utawakuta Colotis, weupe wenye ncha nyekundu, chungwa au zambarau. Madume wa spishi nyingi wanatajika kwa ncha zao. Majike wanaweza kuwa na ncha iliyofifia au wakakosa rangi kabisa, na wakati wa ukame weusi wa pande zote hupungua. Jike wa Colotis aliyepigwa upande mmoja tu, mwezi wa Agosti, mwache bila jina la spishi.

Ambao picha haiwatoshi

Vipepeo wadogo wa buluu wanaozagaa kwenye maua ya bustani hutoa somo gumu zaidi. Lampides boeticus, adui wa maharage na kunde, anatambulika: upande wa chini wa bawa la nyuma una mkanda mweupe ulionyooka karibu na ukingo. Dume wake ni buluu ya zambarau karibu bawa zima upande wa juu; jike ni wa kahawia mwenye buluu karibu na mwili tu. Asiye na mkanda huo, mwenye marumaru ya kahawia na nyeupe, pengine ni Leptotes. Hapo simama. Leptotes pirithous na ndugu zake kadhaa wanatenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Lensi ghali haibadilishi hilo. Programu ya simu ya kutambua vipepeo itakuandikia pirithous kwa kujiamini, kwa kuwa imefundishwa kwa picha ambazo watu waliziandika pirithous.

Bicyclus nao wengi wanahitaji kuonekana nywele za manukato za dume, ambazo ziko upande wa juu wa bawa la nyuma, mahali panapofunikwa na bawa la mbele.

Charaxes, wale wakubwa wenye nguvu na mikia, wako nusu kwa nusu. Charaxes candiope hujulikana hata kwa mtoto: mishipa yake ya bawa la mbele ina ukijani. Lakini kuna kundi la madume weusi wadogo ambao hutofautiana kwa vivuli vya buluu, na majike wao wanafanana mno. Upande wa chini ndio unaobeba alama nyingi, na bahati nzuri ndio upande wanaouonyesha wakila.

Charaxes hawaji kwenye maua. Wanafuata utomvu wa mti, mavi, na matunda yaliyochacha, na Uchagani chambo kiko jikoni. Ponda ndizi mbivu nne au tano zilizoanza kuwa nyeusi, ongeza nusu kikombe cha sukari na kikombe kimoja cha mbege, pombe ya ndizi. Weka kwenye chupa pana isiyozidi nusu, kifuniko kikilegea, kwa siku mbili au tatu. Ukikaza kifuniko gesi itaipasua. Paka kwenye shina la mti penye jua la asubuhi, kwa kimo cha kifua. Wakishalewa unaweza kuwasogelea hadi sentimita 20. Siafu na sisimizi wakikutangulia, paka mti mwingine. Chambo hiki ni cha kihambani. Ndani ya hifadhi za taifa usiweke, na kukamata mdudu huko bila kibali ni kosa.

Picha inayojibu maswali

Muda mzuri ni saa mbili hadi saa nne asubuhi. Kipepeo bado ana baridi, anatandaza mabawa apate jua, na hakimbii haraka. Mchana hukunja mabawa na kukimbia. Juu milimani, kwa mfano karibu na geti la Marangu lililo karibu mita 1,900, wingu likifunika jua wote hutoweka ghafla na likipita hurudi. Kaa palepale usubiri.

Piga ya kwanza ukiwa mbali, ya akiba, kisha sogea taratibu kivuli chako kikiwa nyuma yako. Kioo cha simu kiwe sambamba na bawa. Simu ikiinama, ncha moja inakuwa kali na nyingine ukungu, na doa ulilolihitaji liko kwenye ukungu. Tumia kikuzo cha lensi, mara mbili au tatu, badala ya kumsongelea. Mwenye kamera aweke kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi na tundu la f/8 ili bawa lote liwe kali. Lenga kupata picha tatu: juu, chini, na ubavuni inayoonyesha miguu na ncha ya tumbo. Usipozipata zote tatu, ya chini ndiyo ya thamani zaidi kwa jamii nyingi.

Kipepeo aliyekufa dirishani au kwenye grili ya gari ni zawadi. Mweke juu ya karatasi ya hesabu yenye miraba, pamoja na rula ya shule, umpige pande zote. Magamba yaliyopukutika hufuta madoa, kwa hiyo linganisha bawa la kulia na la kushoto kabla ya kuhesabu.

Halafu kuna WhatsApp. Ukimtumia mtu picha kwa njia ya kawaida, inabanwa, na taarifa za muda na mahali zinaondolewa. Itume kama hati, na chini yake andika mwenyewe: mahali, mwinuko, tarehe, saa, ametua kwenye nini. Moshi mjini iko mita 800 na ushei, Arusha mjini kama 1,400, na tofauti hiyo peke yake huondoa majina kadhaa kwenye orodha. Maelezo kama "Leptotes, jike, msitu wa Rau, kwenye ua la kunde, 12 Novemba, saa tatu asubuhi, picha ya chini pekee" yana kazi kuliko jina kamili lililokisiwa, maana mwenye hadubini anajua aanzie wapi, na anajua pia ni upande gani wa bawa haukuonekana.